Fomu 68, Sentensi Moja: Kisa cha Kufundisha Nadharia za Taasisi kwa Sitiari

Washiriki 24 wa kozi ya uongozi wa shule wamekaa katika makundi 6 ya watu wannewanne. Mkufunzi amemaliza mhadhara wa dakika 90 kuhusu sitiari nane ambazo Gareth Morgan, mtaalamu wa nadharia za taasisi, alizipanga mwaka 1986: taasisi kama mashine, kama kiumbe hai, kama ubongo, kama utamaduni, kama uwanja wa siasa, kama gereza la nafsi, kama mtiririko wa mabadiliko, na kama chombo cha ukandamizaji. Kila kundi limepewa sitiari moja kati ya hizo, kisa cha ukurasa mmoja, bango kitita na kalamu rashasha za rangi nne. Nusu saa baadaye kuta zimependeza. Kuna magurudumu ya meno, kuna mti wenye mizizi mirefu kuliko matawi, kuna ubongo uliotoka kama jiwe la matumbawe.

Kisha mapendekezo yanasomwa. Kundi la mashine: mawasiliano yaboreshwe. Kundi la kiumbe hai: walimu washirikishwe, mawasiliano yaboreshwe. Kundi la siasa: pande zote zikae mezani, iandaliwe semina elekezi, mawasiliano yaboreshwe. Michoro sita, dawa moja.

Uchambuzi huu unahusu somo hilo, lililomfurahisha kila mtu bila kumwachia mtu kitu, na jinsi lilivyosukwa upya. Darasa na shule vimetungwa kutokana na makosa yanayojirudia katika mafunzo ya aina hii, na namba zinazovihusu ni za kisa chenyewe.

Kwa nini dawa ilikuwa moja

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye karatasi ya kisa. Aya yake ya pili ilisema: “Walimu hawakuwa tayari kwa mabadiliko, na mkuu wa shule hakuwashirikisha ipasavyo.” Msomaji akishaambiwa hivyo, sitiari haina kazi tena. Hukumu imeshatolewa, na kilichobaki ni kuichorea picha.

La pili ni tabia ambayo washiriki walikuja nayo. Wengi wao ni walimu, na sitiari waliijua kwenye somo la fasihi: itambue, itaje, toa mfano, eleza umuhimu, chukua alama. Huko sitiari ni pambo la usemi. Katika nadharia za taasisi sitiari ni dai. Ukisema shule ni mashine, umedai kwamba kasoro ikitokea kuna sehemu mahususi iliyoharibika, na kwamba sehemu hiyo ikitengenezwa matokeo yatarudi bila kujali nani anafanya kazi humo. Dai hilo linaweza kuwa kweli au uongo katika shule fulani, na linaweza kupimwa. Mchoro wa gurudumu haupimiki.

Mwanafalsafa Donald Schön alilionyesha jambo hili mwaka 1979 kwa mfano wa makazi ya mjini. Mtaa ukiitwa ugonjwa, dawa inayokuja akilini ni kuukata na kujenga upya. Ukiitwa jamii iliyojiotea yenyewe, dawa ni kuutegemeza. Nyumba ni zile zile na watu ni wale wale, lakini jina lililotangulia limeshachagua nusu ya suluhisho. Kiongozi wa shule anayesema “tatizo hapa ni nidhamu ya walimu” amefanya hivyo hivyo, na aghalabu hajui kwamba amechagua.

Kosa la tatu lilikuwa kugawa sitiari moja kwa kila kundi. Mpangilio huo unaokoa muda na unapendeza wakati wa kuwasilisha, lakini hakuna kundi linalofika ukingoni mwa sitiari yake, pale inapokoma kueleza. Kundi la mashine lilimaliza kazi likiamini mashine inatosha. Ukingo huo huonekana tu pale watu wale wale wanaposoma ukweli ule ule kwa sitiari ya pili na kukuta jambo ambalo dakika 20 zilizopita lilipita mbele ya macho yao bila kuonekana.

Hotuba ya siku ya kwanza

Somo lililosukwa upya halikuanza na Morgan wala na mtaalamu mwingine. Lilianza na kazi ya kuandika: umeteuliwa kuwa mkuu wa shule, andika maneno 120 utakayowaambia walimu siku ya kwanza. Neno sitiari halikutajwa. Baada ya dakika 12 karatasi zilibadilishwa, na kila mmoja akapigia mstari kila neno katika hotuba ya mwenzake ambalo kwa maana yake ya asili si la shule.

Kiswahili cha shuleni kimejaa maneno hayo, na hapo ndipo zoezi hili linapolipa. Tunanoa wanafunzi, kwa hiyo mwanafunzi ni kisu na mwalimu ni jiwe la kunolea. Tunachuja, kwa hiyo kuna makapi. Tunavuna matokeo na kuzalisha wahitimu. Tunapambana na utoro. Mwalimu ana zamu, kama mlinzi. Idara zinasukuma gurudumu, na wote tumo katika jahazi moja. Mara nyingi hotuba moja ya maneno 120 hubeba sitiari nne au tano za namna hii, zenye madai yanayopingana: aya ya kwanza shule ni shamba linalohitaji subira, aya ya tatu ni vita inayohitaji amri. Walimu watakaoisikiliza watashika ile inayowafaa.

Methali nazo zilijitokeza, na zinahitaji uangalifu wa peke yake. “Nahodha wengi, chombo huenda mrama” ni kanuni ya amri moja, ile ambayo Henri Fayol, meneja wa migodi wa Ufaransa, aliiweka mwaka 1916 miongoni mwa kanuni zake 14 za uendeshaji. “Mafahali wawili hawakai zizi moja” ni nadharia ya siasa za taasisi kwa maneno matano. Mkufunzi hushawishika kufurahi na kuzitumia kama daraja, na daraja kweli lipo. Ila methali imezoeleka kufunga mjadala. Ikishatamkwa, wazee hutikisa vichwa na kikao huendelea na ajenda inayofuata. Sitiari ya nadharia inatakiwa ifanye kinyume. Kwa hiyo kila methali iliyoandikwa ubaoni ilifuatwa na swali moja: ni katika hali gani haya si kweli? Chombo chenye nahodha mmoja nacho huenda mrama iwapo nahodha hajui mwamba uliko na baharia anayeujua hana ruhusa ya kusema.

Sitiari iliyoshinda kwa wingi ilikuwa familia. Hii ndiyo ngumu kuliko zote kufundisha kwa sababu ni ya upendo, na anayeihoji huonekana mtu wa roho ngumu. Kuipiga marufuku ni kosa. Washiriki huinamisha vichwa na kurudi nayo shuleni. Kilichofanya kazi ni kuipa maswali yake: katika familia hii, nani anaweza kuhamishwa kwa barua? Nani analipwa, na nani anajua mwenzake analipwa ngapi? Mtoto wa familia hii anaweza kukataa kazi ya ziada bila kuitwa msaliti? Baada ya maswali hayo familia haikufa. Ilibaki na kile inachokiona vizuri, yaani wivu, upendeleo, malezi na machungu ya kusahauliwa, na ikaonekana wazi inachokificha: mkataba, saa za kazi, haki ya kusema hapana.

Shule ya kisa

Kisa kipya kiliandikwa kwa kurasa mbili, maneno kama 700, chini ya sharti moja la uandishi: lisiwemo hata “kwa sababu” moja. Kila sentensi inayoeleza chanzo ilifutwa au kugeuzwa kuwa tukio. Ni kazi ya kuchosha, na rasimu ya kwanza hupoteza karibu theluthi ya sentensi zake, ila bila hiyo washiriki husoma maoni ya mwandishi badala ya shule. Mambo yenyewe ni haya.

Shule ina walimu 36, idara 6 na wanafunzi 840. Mkuu wa shule ni mgeni. Agizo lake la kwanza ni kwamba kila Jumatano, kipindi cha mwisho, idara zote zikae kwa dakika 50. Kila mwalimu aje na madaftari 3 ya wanafunzi wake. Walimu wabadilishane, walinganishe usahihishaji, wakubaliane jambo moja la kubadilisha darasani. Mkuu wa idara ajaze fomu ya vipengele 7 na kuifikisha kwa makamu kabla ya Ijumaa mchana. Muhula una wiki 12, kwa hiyo fomu zinazotarajiwa ni 72.

Zilifika 68. Nne zilizokosekana zote ni za sayansi, wiki ya 1 hadi ya 4. Idara ya sayansi ina walimu 9, na 4 kati yao husimamia michezo kila Jumatano kipindi hicho hicho. Kuanzia wiki ya 5 fomu za sayansi zinafika bila kukosa. Ratiba ya michezo haikuguswa.

Kipengele cha 6 kinauliza: ni nini kitabadilika darasani wiki ijayo? Kati ya fomu 48 za wiki ya 5 hadi ya 12, fomu 41 zina jibu lile lile, neno kwa neno: “Walimu wamekubaliana kuongeza mazoezi na kufuatilia wanafunzi wazito.” Sentensi hiyo ilionekana mara ya kwanza katika fomu ya hisabati ya wiki ya 4, ambayo mkuu aliisoma kwa sauti mbele ya walimu wote kama mfano wa kuigwa. Mkuu wa idara ya hisabati alikaimu ukuu wa shule kwa miezi 7 kabla ya mgeni kufika. Fomu 7 zenye majibu tofauti zote ni za idara ya historia na jiografia, walimu 3 wanaokaa meza moja. Wiki moja tu nao walinakili. Hakuna fomu hata moja kati ya 68 iliyorudi idarani ikiwa na maoni. Madaftari 30 yaliyookotwa bila kuchagua mwanzoni mwa muhula na mengine 30 mwishoni yanaonyesha usahihishaji ule ule: tiki, kosa, sahihi ya mwalimu.

Na katikati ya ukurasa wa pili, ndani ya sentensi inayozungumzia ratiba ya mapumziko, kuna kipande hiki: walimu wa lugha, waliokuwa na mazoea ya kubadilishana madaftari wakati wa chai, sasa hutumia muda huo kwa mambo mengine.

Dakika 180

Somo lilipewa saa 3: dakika 25 za hotuba na kupigia mstari, 20 za kusoma kisa kimyakimya, kisha sitiari tatu kwa dakika 30 kila moja, mapumziko ya dakika 10 baada ya sitiari ya pili, dakika 15 za swali ambalo litaelezwa baadaye, na 20 za kuandika. Tatu, si nane. Morgan alikuwa na kitabu kizima cha kueneza nane zake, na hata Lee Bolman na Terrence Deal, waliopanga nadharia hizo hizo katika mitazamo minne (muundo, watu, siasa, alama), hawakukusudia zimezwe asubuhi moja.

Kila kundi lilikuwa na kadi yenye maswali matano, yale yale kwa kila sitiari: Inaonyesha nini hapa? Ushahidi ni upi, mstari wa ngapi? Inaficha nini? Utafanya nini ndani ya siku 10? Ukiwa umekosea, utaona nini? Swali la pili lilikaguliwa kwa ukali. Jibu lisilo na namba ya mstari lilirudishwa.

*Mashine.* Hii ndiyo sitiari kongwe ya uendeshaji wa shule. Frederick Taylor alichapisha kanuni zake za kazi ya kiwandani mwaka 1911, na mwaka 1916 Ellwood Cubberley, mwalimu wa viongozi wa shule nchini Marekani, alikuwa tayari ameandika kwamba shule kwa namna fulani ni viwanda na watoto ni malighafi. Leo washiriki huitukana mashine haraka, na hilo ni kosa. Katika kisa hiki mashine ilifanya kazi nzuri. Iliona mgongano wa ratiba uliowaondoa kikaoni karibu nusu ya walimu wa sayansi. Iliona kwamba fomu inaenda na hairudi, yaani hakuna njia ya kumrudishia taarifa aliyeituma. Iliona kwamba kipengele cha 6 kinapokea jibu lolote. Hatua za siku 10 zilikuwa wazi: kuhamisha kikao au michezo, kupunguza fomu kutoka vipengele 7 hadi 2, na makamu kujibu kila fomu kufikia Jumatatu.

Kisha makundi yakafika ukingoni. Mashine ikikosa sehemu, haitoi kitu. Hii ilikosa walimu 4 wa sayansi na bado ikatoa fomu 8 safi. Na kwa macho ya mashine, sentensi moja katika fomu 41 si hitilafu hata kidogo. Ni ufanisi mkubwa wa kusanifisha.

*Mabehewa.* Mwaka 1976 Karl Weick, mwanasaikolojia wa taasisi, alieleza taasisi za elimu kama mifumo ambayo sehemu zake zimeunganishwa bila kubanana: zinaitikiana, lakini kila moja ina uhai na mwendo wake. Kulifundisha wazo hili kwa Kiswahili kuna mtego. Ukisema “mfumo uliolegea”, darasa linasikia uzembe, kwani kulegea kwetu kuna harufu ya lawama, na mshiriki ataandika mara moja kwamba mfumo ukazwe. Ndiyo maana yalitumika mabehewa. Kati ya behewa moja la mizigo na jingine mara nyingi huachwa nafasi kidogo kwenye kiungo. Nafasi hiyo humwezesha dereva kuanza kuvuta behewa moja baada ya jingine badala ya kuvuta uzito wote kwa mkupuo. Hiyo nafasi ni sehemu ya ufundi, ingawa pia ndiyo inayofanya mtikisiko wa injini uchelewe au ufifie kabla ya kufika nyuma.

Kwa sitiari hii maswali yanageuka. Kati ya agizo la mkuu na daftari la mwanafunzi kuna viungo vinne: mkuu na idara, idara na kikao, kikao na fomu, kikao na darasa. Ni kipi kimebana? Kilichobana ni kile cha karatasi. Cha darasa hakikuguswa. Mwaka 1977 wanasosholojia John Meyer na Brian Rowan walionyesha kwamba taasisi mara nyingi huweka taratibu rasmi ili zionekane halali mbele ya wengine, huku kazi yenyewe ikiendelea kandokando bila kuingiliwa. Fomu za sayansi kuanzia wiki ya 5 ni hilo hasa: idara iligundua kwamba kinachohesabiwa ni fomu, ikatoa fomu. Makundi mawili yaliona pia kwa nini historia na jiografia walitofautiana. Watu 3 kwenye meza moja hawahitaji kikao ili kuonana, na kwao kiungo cha darasa kilikuwa kifupi tayari.

Kinachofichwa? Mabehewa hayana nia. Sitiari hii haiulizi ni kwa nini sentensi iliyonakiliwa ilikuwa ya hisabati na si ya idara nyingine.

*Siasa.* Hapa ndipo somo huharibika kwa urahisi, kwa sababu darasa likisikia siasa linaanza kumsaka mchawi. Ndani ya dakika tano mkuu wa idara ya hisabati alikuwa ameshahukumiwa: alitaka cheo, amekikosa, anahujumu. Hakuna mstari katika kisa unaosema hivyo. Kinachojulikana ni kwamba alikaimu, kwamba fomu zake zote 12 zilifika, na kwamba moja ilisifiwa.

Zuio lilikuwa jedwali. Kila mhusika anaandikwa kwa nafasi yake, si kwa tabia yake, na anapewa mistari mitatu: analinda nini, ana nini mkononi, atapoteza nini agizo likifanikiwa kweli. Wakuu wa idara wanalinda amani ya idara zao. Mkononi wana kalamu inayojaza fomu. Agizo likifanikiwa, watalazimika kumwambia mwenzao wa miaka mingi kwamba anasahihisha vibaya. Hapo kunakili sentensi iliyokwisha kusifiwa na mkuu hakuhitaji njama yoyote. Ni ngao. Nani atahojiwa kwa kuandika maneno ambayo mkuu mwenyewe ameyapigia makofi?

Katika majedwali sita, matano hayakuwa na safu ya mkuu wa shule. Washiriki wanajiandaa kushika kiti hicho, basi wanamwona kama mtu aliye juu ya siasa, mwamuzi na si mchezaji. Mkufunzi alisimamisha kazi na kudai safu hiyo ijazwe. Mkuu analinda nini? Anahitaji ushindi wa haraka ili akubalike. Ana nini mkononi? Sifa ya hadharani. Aliitumia wiki ya 4, kwa mtu aliyemtangulia kwenye kiti. Huenda ilikuwa ukarimu, huenda ilikuwa hesabu. Vyovyote vile aliwaambia idara nyingine 5 jibu sahihi ni lipi. Mshiriki mmoja ambaye hotuba yake ilikuwa ya familia alikumbusha kwamba sitiari yake ya zamani ingeliona hili mapema: baba amemsifu mtoto mmoja mbele ya wengine. Alikuwa sahihi, na alipewa alama yake.

Ukweli yatima

Dakika 15 zilizotengwa zilikuwa za walimu wa lugha na madaftari yao ya wakati wa chai. Kipande kile kiliwekwa kwa makusudi na kimefichwa vya kutosha: kundi moja tu lilikuwa limekiona. Mkufunzi alikisoma kwa sauti na kuuliza, ni ipi kati ya sitiari tatu inakieleza?

Makundi yalijaribu kukilazimisha. Mashine: rudufu ya kazi imeondolewa, vizuri. Mabehewa: kiungo kimehama. Siasa: wamegoma. Kila jibu lilidaiwa mstari wa ushahidi, na kila jibu lilikosa. Hakuna malalamiko, hakuna mgomo, na fomu zao zilifika zote. Kilichotokea ni kwamba jambo lililokuwa linaishi lenyewe lilipewa siku, fomu na msimamizi, likafa mahali pake pa zamani na halikuota mahali papya. Ili kuliona hilo inahitajika sitiari nyingine, ya kiumbe hai au ya utamaduni, na sasa darasa liliidai lenyewe. Mkufunzi aliitoa kwa dakika sita. Washiriki waliisikiliza kwa namna ambayo hawakuisikiliza ilipokuwa ya pili kati ya nane kwenye mhadhara.

Kisa cha kufundishia kisichokuwa na ukweli yatima wa aina hii, yaani jambo ambalo hakuna sitiari iliyotolewa inayolieleza, hufundisha uongo mdogo: kwamba mitazamo mitatu ikijumlishwa hupata shule nzima. Kuutunga ni kazi ngumu zaidi ya kazi yote ya kisa. Ukiwa wazi sana, makundi huudaka mwanzoni na kujenga nadharia juu yake. Ukiwa hauna uzito, wanauona kama kosa la uchapaji. Kipimo kizuri ni kwamba uwe na matokeo kwa wanafunzi na usiwe na mlalamikaji.

Waraka usio na sitiari

Kazi ya mwisho ilikuwa waraka wa maneno 300 kwenda kwa makamu mkuu, mtu mwenye shughuli nyingi asiyesoma nadharia. Sharti: lisitajwe jina la sitiari yoyote. Hakuna mashine, hakuna mabehewa, hakuna siasa. Fikra ikiwa imefanya kazi, itaonekana kwenye chaguo la ushahidi na hatua. Alama 20 ziligawanywa hivi: 6 za ushahidi wenye mstari, 5 za kutaja jambo ambalo pendekezo halilioni, 5 za hatua inayowezekana ndani ya siku 10 na kwa watu waliopo, 4 za kusema kitakachoonekana iwapo pendekezo ni bovu.

Kifungu cha pili ndicho kilichowatesa. Wakuu wa shule watarajiwa hawapendi kuandika “pendekezo langu halioni jambo hili”. Wanaona kama kujivua nguo mbele ya makamu. Wengi waliandika udhaifu wa watu wengine badala ya ukomo wa pendekezo lao, na walipata 1 au 2 kati ya 5.

Nyaraka mbili zilizopata 17 zilipingana waziwazi. Wa kwanza ulitaka fomu isimamishwe wiki 3, kikao kibaki, na makamu aketi na idara moja kila Jumatano bila kuandika chochote. Ukatabiri kwamba fomu ikiwa ndiyo iliyoua mazungumzo, walimu wa lugha watarudi kubadilishana madaftari bila kuambiwa, na wasiporudi basi chanzo kiko kwingine. Wa pili ulitaka fomu ibaki na kipengele cha 6 peke yake, libandikwe juu yake daftari moja la mwanafunzi, irudi idarani Jumatatu na swali moja la makamu. Ukatabiri kwamba sentensi ya hisabati itatoweka ndani ya wiki 2, na isipotoweka basi tatizo ni hofu, si muundo wa fomu. Mkufunzi aliulizwa upi ni sahihi na akakataa kuchagua. Darasa halikuridhika, na lilipoendelea kubishana wakati wa kutoka hakulizuia.

Waraka uliopata alama ya chini, 6, ulikuwa na majina ya sitiari zote tatu kwenye aya ya kwanza, yamekatwa kwa kalamu baada ya mwandishi kukumbuka sharti. Chini ya mikato hiyo pendekezo lilikuwa na mstari mmoja: mawasiliano yaboreshwe.